Maharage ya Njano Yamerudi

Mlinipa dakika tatu za kuaga, na mgeni rasmi akazila mbili. Ya tatu ilikwenda na mshereheshaji, aliyekuwa akitafuta kipaza sauti alichokuwa amekishika mkononi. Nikasema asanteni, nikapokea saa ya ukutani, nikaketi. Sasa nimestaafu na saa ninayo, kwa hiyo nitayasema yale niliyotaka kusema, na hakuna wa kunivuta gauni.

Vyeo na mishahara siviandiki. Waliovipata wanajua, na waliovikosa wataanza kununa kabla sijafika mbali. Nataka kuandika juu ya picha mliyoirusha ukutani siku ile ya kuniaga. Nimevaa fulana nyeupe, nimebeba mtoto wa kike mwenye fulana kama yangu, yake imemfika miguuni. Mshereheshaji akasema, “Huyo ni mmoja wa watoto aliowaponya mama yetu!” Mkapiga makofi, kina mama wa wodi ya watoto wakapiga vigelegele. Nami nikapunga mkono. Naandika haya kwa sababu ya mkono ule.

Nilianza kazi Kibondo, wakati Kakonko bado ilikuwa sehemu ya Kibondo na maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Meza ilisimama dirishani, maana hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, ukakigeuza kutafuta jua. Siku ya mawingu magonjwa yalipumzika. Asubuhi ya kwanza nilifika na sweta, vyeti vipya, na kiburi cha mtu aliyefaulu. Nikamkuta Mzee Gervasi, mtu wa Munanila, mfupi, koti lake jeupe limekuwa rangi ya chai ya rangi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mwakeye,” akaongeza salamu ya Kiha. “Chuoni wamekufundisha kuhesabu?”

“Wamenifundisha.”

“Haya. Hesabu maharage.”

Nikadhani ananidharau. Kumbe ananikabidhi mtambo. Kama hamjui, ili ujue mwili unapigana vipi, unatandaza tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, kisha unahesabu seli nyeupe mia moja na kuandika kila aina ni ngapi. Vitabu vinasema utumie kihesabio chenye vitufe. Chetu kilikuwa kimekufa kabla sijazaliwa kikazi. Mzee Gervasi alimwendea seremala, akachongewa ubao kama wa bao, ila huu ulikuwa na mashimo mia. Ukiona seli, unatia punje shimoni bila kuondoa jicho kwenye hadubini. Maharage mekundu yalikuwa neutrofili, wale wanaokimbilia ugomvi kwanza. Ya njano yalikuwa limfosaiti, wanaoshughulika na virusi. Aina nyingine tatu, ambazo huonekana kwa nadra, ziligawana mahindi, choroko na karanga. Karanga zilikuwa na tabia ya kupungua bila maelezo, hasa saa nne asubuhi. Ubao ukijaa, umemaliza, na hali ya mgonjwa unaiona kwa rangi hata kabla ya kushika kalamu.

Mkaguzi mmoja alipita, akaandika kwamba tunahifadhi chakula karibu na vielelezo. Baada ya ripoti yake tuliletewa kihesabio kipya, kimefungwa vizuri kabisa. Kitufe cha limfosaiti kilikuwa hakibonyezeki. Tukakiweka mezani ili wakaguzi wengine wakione, nasi tukaendelea na ubao.

Mzee Gervasi hakuwa mtu wa hotuba. Jambo moja tu alilirudia hadi likanichosha. “Kuhesabu ni nusu ya kazi, mwanangu. Nusu nyingine ni kumwambia anayesoma majibu kile ambacho hesabu haikusema.” Nilikuwa nikiitikia “ndiyo mzee” na kuendelea kunawa mikono.

Alipostaafu, wakaletwa watatu kushika nafasi yake. Kwa idadi tulikuwa tumeneemeka. Lakini kabati la rangi za maabara halikufunguka siku nne, kwa sababu ufunguo ule ulitaka kuinuliwa kidogo huku mlango ukisukumwa kwa goti, na mwenye goti alikuwa Munanila analima. Mimi nilikuwa likizo, nikarudi siku ya tano. Nikalifungua, nikaonekana fundi. Ubao na makopo ya maharage aliniachia mimi.

Nilipohamishiwa Kasulu niliufunga ubao ndani ya kitenge, nikaingia nao kwenye basi kama nimebeba mtoto. Huko nilikuta maendeleo. Kulikuwa na mashine inayonyonya damu na kutoa karatasi yenye hesabu zote, almradi kitendanishi, ile dawa yake ya kupimia, kiwepo. Kitendanishi kilipoisha, mashine ilifunikwa kitambaa cha kufumwa na kubebeshwa chupa ya chai. Mafundi walikuja kutoka mbali, wakaitazama, wakaipiga picha, wakaondoka na picha. Nikafungua kitenge changu kimyakimya.

Hapo ndipo nikapelekwa semina. Mada ilikuwa kinga ya mwili baada ya mtu kupona ugonjwa wa virusi. Iliwekwa mara baada ya chakula cha mchana, maana yake iliwekwa ife. Mwezeshaji alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ndogo, na karibu ukumbi mzima ulikuwa umeshalala. Mimi nilikuwa macho kwa sababu kiti changu kilikuwa na mguu mbovu.

Alieleza vizuri. Virusi vikiingia, limfosaiti huzaana kwa wingi, zikapigana. Vita vikiisha nyingi hufa, kwani mwili hauwezi kuendelea kulisha jeshi lisilo na kazi. Hubaki chache zilizomwona adui uso kwa uso, na hizo ndizo seli za kumbukumbu. Adui yuleyule akirudi hata baada ya miaka, zinamtambua akiwa bado mlangoni. Ndiyo maana kwa magonjwa mengi ya virusi aliyepona huwa na afadhali.

“Surua ni tofauti,” akasema. Virusi vya surua huingia ndani ya seli hizohizo za kumbukumbu na kuziangamiza. Mtoto akipona, ataikumbuka surua maisha yake yote, lakini amesahau mengi aliyokwisha kujifunza: vijidudu vya nimonia, vya kuhara, mafua aliyoyashinda mwaka jana. Ukimpima baada ya siku chache utakuta limfosaiti zimerudi, idadi imetimia. Nyingi ni ngeni, hazimjui mtu. Kumbukumbu huchukua miezi kujengeka tena, pengine miaka. Chanjo ya surua haina shida hiyo. Inafundisha bila kufuta.

Nikakumbuka kabati la Kibondo. Nikaandika yote kwenye daftari, nikapiga mstari chini ya neno “ngeni”. Kisha ikatangazwa chai na sambusa, nikalifunga daftari na elimu ikabaki humo ndani.

Surua ilipokuja, ilianzia kwa watoto wasiochanjwa, wa vijijini na wa kambi ya wakimbizi. Furaha aliletwa kwa rufaa kutoka Nyarugusu, umri wake miaka miwili na ushee, macho mekundu, upele mwili mzima. Mama yake tulimwita Mama Furaha. Alikuwa Mkongo, alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kambini, na hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikuja kusimama kwenye dirisha la maabara akaona ubao.

“Eh, mama! Mutoto yangu iko mugonjwa, wewe unacheza bao?”

Nikamwita ndani, nikamwonyesha. Haya mekundu, haya ya njano. Ya njano yalikuwa machache, yamekaa mbalimbali. Surua imeyala, nikamwambia, tunangoja yarudi. Mtoto akapewa vitamini A, akanyweshwa, akaangaliwa. Toka siku hiyo mama yule alikuwa akinisalimu kwa swali moja. “Mama ya maharage, ya njano imerudi?”

Yakarudi. Upele ukakauka, mtoto akadai ugali, akamng'ata muuguzi, tukajua amepata nafuu. Hapo ndipo Mganga Mfawidhi wetu alipopata wazo.

Alikuwa mtu mwema, na mawazo yake yote yalihitaji turubai. Alitangaza kwamba kutakuwa na Siku ya Waliopona. Watoto waliotoka kwenye surua wangepangwa mbele ya mgeni rasmi, kila mmoja na fulana iliyoandikwa NIMEPONA, NINA KINGA. Lakini kwa kuwa yeye ni mtaalamu, hakutaka maneno matupu. Alitaka kila mtoto awe na majibu ya maabara kwenye faili, kisha faili ligongwe mhuri mpya uliochongwa kwa ajili ya siku hiyo. Mhuri ulisema AMEPONA, kwa herufi kubwa kuliko jina la hospitali.

Nikampima Furaha. Ubao ukajaa. Mama yake alikuwa amesimama begani kwangu, akaona njano imetapakaa kote, akapiga kofi moja na kusema, “Merci, Yesu.” Nikaandika: Kawaida. Nikapeleka majibu mwenyewe, kwa sababu neno lile nililolipigia mstari lilikuwa limeanza kuniwasha.

“Daktari,” nikasema, “hawa watoto wa surua idadi inarudi, lakini kinga ya magonjwa mengine bado. Kwenye semina ile walituambia wasiwekwe kwenye mikusanyiko mapema.”

Akavua miwani. “Mama Leokadia, umehesabu au hukuhesabu?”

“Nimehesabu.”

“Limfosaiti zimerudi au hazijarudi?”

“Zimerudi.”

“Ni kawaida au si kawaida?”

“Ni kawaida, daktari, ila...”

“Basi mama, unapinga majibu yako mwenyewe? Nenda kwa dada wa stoo, fulana yako ni saizi kubwa, tumekuwekea. Na utakaa mstari wa mbele.”

Ningeweza kusema zaidi. Ningeweza kuandika chini ya lile neno langu. Nafasi ilikuwepo, kama vidole viwili hivi vya karatasi tupu. Nikaenda stoo kuchukua fulana. Ilinikaa vizuri.

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa nne, kama ilivyo desturi ya wageni rasmi. Watoto wakakaa chini ya turubai pamoja na kwaya mbili, ngoma moja, na nusu ya Kasulu. Na kwetu mnajua ilivyo: mtoto aliyetoka kwenye ugonjwa haachwi kwenye mgongo wa mama yake peke yake. Kila mtu mzima humshika, humpakata, humpulizia dua usoni, kisha humpitisha kwa mwenzake. Kukataa mtoto wako asishikwe ni kusema watu wana roho mbaya. Furaha alipita mikononi mwa kwaya ya kwanza yote, sauti ya kwanza hadi besi. Alifika kwa mgeni rasmi, aliyekuwa na mafua na leso, naye akambusu pande zote mbili kwa ajili ya mpiga picha. Kisha nikapewa mimi. Picha ile ilipigwa hapo.

Mgeni rasmi akasema miili ya watoto hawa sasa ni imara kuliko mwanzo. Tulishangilia. Mama Furaha alicheza hadi kitenge kikalegea.

Siku kumi na mbili baadaye nilimsikia Mama Furaha kabla ya kumwona. Sauti yake ilitokea mapokezi, kali, halafu ikakatika kama mtu anayelia. Nikatoka. Alikuwa amembeba Furaha, mtoto anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Kijana wa mapokezi hakuwa mkorofi. Alikuwa akimweleza kwa upole mkubwa.

“Mama, faili lake limefungwa. Mfumo unasoma amepona. Sasa kama anaumwa tena, huyo ni mgonjwa mpya, inabidi urudi kambini ukachukue rufaa nyingine.”

“Mugonjwa mupya namna gani? Ni huyu huyu! Angalia, fulana ni yenu!”

Ni kweli, mtoto alikuwa ameivaa. Nilimchukua mikononi, nikapita wodini bila kumwomba mtu ruhusa. Muuguzi akaweka oksijeni, daktari wa zamu akaanza dawa za sindano. Nikamwambia huyu katoka surua juzi tu, mchukulie kama mtoto ambaye mwili wake haujawahi kuona kitu. Akasema faili linaonyesha kinga kawaida. Nikasema najua linaonyesha nini, ule ni mwandiko wangu.

Niliamua kumpima tena, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho pekee nilichojua kufanya. Maharage mekundu yakamiminika ubaoni. Wale wanaokimbilia ugomvi kwanza walikuwa wamefika. Ya njano yalikuwepo pia. Yalikuwepo, hayakuwa yakijua nyumba wala mwizi.

Tulimpigania siku tatu. Ya tatu, saa tano asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani kwangu, muuguzi alikuja mlangoni akasema Furaha ametutoka.

Mama Furaha alinifuata baadaye. Hakupiga kelele. Aliutazama ubao, ambao sikuwa nimeutoa maharage yake.

“Mama ya maharage. Ulinionyesha njano. Ulisema inarudi.”

“Nilisema.”

“Ulihesabu mubaya?”

Ndugu zangu, ningetoa kila kitu ili niweze kumwambia ndiyo. Mtu aliyekosea hesabu huomba radhi, na watu huelewa. “Hapana, mama,” nikamwambia. “Nilihesabu vizuri.”

Akasema, “Sasa juu ya nini hukuniambia yenye haionekani mu ubao?” Niliona aibu ambayo haijawahi kunitoka, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alinishika mkono akiondoka.

Kikao kikaitwa. Kilijadili kwa kina kwa nini mgonjwa aliyepona alionekana hospitalini. Ikaonekana tatizo lilikuwa kwamba mhuri hauna tarehe. Ukachongwa mwingine wenye tarehe.

Mimi nikaanza kuandika. Kuanzia hapo, kila majibu ya mtoto aliyetoka surua yaliyopita mkononi kwangu yalikuwa na mstari chini ya neno Kawaida: *Idadi imerudi, kumbukumbu bado. Asipitishwe mikononi mwa watu kwa miezi hii. Akikohoa au akiharisha aletwe siku hiyohiyo, asiulizwe rufaa.* Na mama wa mtoto nilimsomea mwenyewe dirishani, wale wa Kiha kwa Kiha, wale wa kambini kwa kile Kiswahili chao nilichojifunza kwa Mama Furaha. Nilimpa kila mmoja sababu ya kuwaambia wakwe na majirani: maabara imekataza. Mtu haonekani na roho mbaya akisema serikali imekataza.

Mganga Mfawidhi alilalamika kwamba natumia wino vibaya na fomu haina sehemu ya maoni. Wauguzi waliuita mstari ule “Zaburi ya Leokadia”. Kijana wa mapokezi, yuleyule, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuheshimu. Akiuona kwenye karatasi alikuwa anampitisha mama moja kwa moja, mfumo upende usipende. Watoto waliletwa mapema, wakatibiwa, wakaenda nyumbani. Sisemi wangapi, maana safari hii sitaki mtu ashone fulana.

Wote hao wameshahama au wamestaafu. Mganga Mfawidhi yuko mkoa mwingine, nadhani na turubai lake. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

Wiki iliyopita nilikuja kupimwa presha, nikachungulia maabara yetu ya zamani. Mashine inafanya kazi, kitendanishi kipo, nilifurahi kwelikweli. Kijana aliyeshika nafasi yangu ni mstaarabu, ana shahada, alinipa kiti. Mezani palikuwa na majibu ya mtoto wa miaka mitatu, ametoka surua. Yamesomeka: Kawaida. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

“Na ule mstari?” nikamuuliza.

“Mstari gani, mama?”

Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Dakika zangu tatu nilizitumia kusema asante. Nikaomba kalamu. Aliponipa, nikauandika mbele yake, naye akausoma kwa sauti, kisha akatoka mbio kwenda wodini kumtafuta mama wa mtoto kabla hajaondoka. Alimkuta getini, na bibi wa upande wa baba alikuwa tayari amenyoosha mikono.

Nikiwa namngoja, nilikwenda kwenye ubao wa matangazo ilipobandikwa nakala ya ile picha. Chini yake pameandikwa “Waliopona”. Siku ile ya kuniaga niliutazama ukumbi wakati mnapiga makofi. Kila kiti kilikuwa na mtu, idara zote zimejaa, hakuna nafasi hata moja iliyo wazi. Na hakuna hata mmoja kati yenu aliyemjua yule mtoto.

Anaitwa Furaha. Alikufa kwa nimonia akiwa na fulana yetu. Nimeibandua picha, nimeandika jina lake nyuma pamoja na ule mstari, nimeirudisha ikiwa imegeuzwa. Iacheni hivyohivyo.